CD 150 za Harusi

Mwaka 2007 dada yangu aliolewa, nami nikapewa kazi ya zawadi za wageni. Tulikataa vikombe. Kila mgeni angeondoka na CD ya nyimbo ambazo maharusi walipendana wakizisikiliza. Nilikesha saiba usiku mbili nikichoma CD 150, moja baada ya nyingine. Wimbo wa kwanza: Malaika.

Watu walifurahi, wacha tu. Mjomba peke yake ndiye aliyenyamaza. Miaka ya sabini alipigia bendi gitaa hapa Nairobi. Alisoma orodha, akaniita kando.

"Kijana wangu, huu wimbo wa saba, gitaa unajua ni ya nani?"

Sikujua. Ilikuwa yake.

"Lakini Mjomba, sijauza hata moja!"

"Hujauza. Umegawa tu mali ya watu."

Nilikasirika, kisha nikaanza kusoma. Tabia yetu ni ya zamani. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, na ilipotufikia, kila mwenye redio ya kurekodia akawa studio. Taarab ya harusi za Mombasa ilirekodiwa ukumbini, ikanakiliwa, ikasambaa. Muziki ulifika mbali. Pesa haikumfuata mpigaji.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haiulizi tu kama uliuza. Kunakili na kugawa ni haki ya mwenye kazi. Utunzi unalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mtunzi; rekodi, miaka 50 tangu ifanywe.

Chukua Malaika, kilio cha kijana asiye na mahari. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengine husema mtunzi ni Adam Salim. Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba 1981, na ubishi wa mwenyewe haujaisha. Fadhili alifariki 2001: kama ni wake, unalindwa hadi mwisho wa 2051. Mimi niliuweka bila jina la yeyote. Niliandika tu majina ya maharusi, kwa dhahabu.

Mjomba alilipwa mara moja, siku ya kurekodi, basi. Hakunidai kitu. Aliomba kalamu, akaandika jina lake kando ya wimbo wa saba, akatia CD mfukoni.

Zile 149 ziliondoka hivyo hivyo.