Mipira Minne au Sita: Habari za Magari Yaliyochukua Mazao Yetu

Hesabu za Chama Kikuu chetu kwa miaka 10 zimekwisha elezwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo lililo chini ya hesabu hizo zote, nalo ni magurudumu. Zao lisilofika sokoni si mali. Na tangu tuanze, halikutokea neno lililotugawanya mikutanoni kama hili: tununue gari la mipira minne, au la mipira sita?

Hapo zamani mizigo ya nchi hii ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi mpaka Pangani na Tanga, ikapakiwa majahazini. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo Dakta Richard Hindorf alipoleta mkonge, na mashamba ya mkonge yakajijengea vijireli vyao vya matoroli. Lakini reli haikupanda Lushoto, wala haikwenda Pangani. Mkulima aliyekaa mbali na stesheni alibaki na kichwa chake na cha mkewe.

Pengo hilo lilizibwa na malori, yaliyoenea zama za Waingereza. Malori mengi ya zamani yalikuwa na mipira migumu isiyo na upepo, iliyotikisa mzigo na kuharibu barabara. Tena mpira mmoja peke yake haukuweza kustahimili uzito wa nyuma. Basi wahandisi wakaweka miwili kila upande, mmoja ndani na mmoja nje, kama mapacha. Hiyo ndiyo asili ya mipira sita: miwili mbele, minne nyuma. Magari madogo ya kuvuta kwa magurudumu yote, kama Land Rover iliyotoka mwaka 1948 na Toyota Land Cruiser iliyoifuata, yalibaki na mpira mmoja kila pembe, maana yalikusudiwa njia mbovu kuliko mzigo mzito.

Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kazi ya kukusanya na kupeleka mazao iliondoka mikononi mwa wakulima. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na wazee wetu walijifunza somo moja katika miaka ile: asiye na njia ya kupeleka zao lake hupangiwa bei na mwenye gari. Kwa hiyo sisi nasi, tulipoanza, fedha zetu za kwanza tulizitia katika gari.

Tulinunua pikapu kuukuu ya mipira minne, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Ilifanya kazi njema, na wema wake ndio uliotuponza. Katika masika ya mwaka wa pili machungwa yaliiva kwa pamoja, nasi tukayarundika juu ya gari lile hata kupita kingo za bodi. Kwenye mteremko mpira mmoja wa nyuma ukapasuka. Upande ule haukuwa na mpira wa pili wa kuushikilia, gari likalala ubavu. Utingo wetu alivunjika mguu, na machungwa ya wanachama wengi yakaozea mtaroni. Kamati ilichunguza, ikaona kwamba gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu.

Tangu siku ile tulijifunza kuzisoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa mpira. Mpira wenye alama 122/120, kwa mfano, waweza kubeba kilo 1,500 ukiwa peke yake, na kilo 1,400 ukiwa pacha. Basi mipira miwili ya nyuma huchukua kilo 3,000, na minne huchukua kilo 5,600, wala si 6,000; kwani mapacha hawagawani mzigo sawasawa siku zote. Na katika uzito huo yamo pia ya gari lenyewe, si ya machungwa tu. Hata Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kusimamiwa kwetu mwaka 2019, huhesabu mipira: ekseli moja yenye mipira miwili huruhusiwa tani 8, na yenye minne tani 10. Lakini mwenye gari dogo asidhani kwamba ruhusa ya barabara ni nguvu ya gari lake.

Baada ya ajali wengi walitaka tununue mipira sita tu. Ndugu zetu wa milimani walikataa, na walikuwa na haki. Katika njia ya udongo uliolowa, gari la mpira mmoja kila pembe hupitisha magurudumu ya nyuma katika nyayo za mbele. Mapacha hufanya nyayo zao wenyewe, na tope na mawe hujisokota kati yao. Jiwe moja laweza kuikata mipira yote miwili. Gari lenyewe ni pana nyuma, na kona za mlimani ni nyembamba. Tena mwenye mipira sita hununua sita na ya akiba, mwenye minne hununua minne na ya akiba.

Mkutano Mkuu ulibishana siku nzima, ukakata shauri hili: gari la mipira minne likusanye mazao vijijini na kuyaleta ghalani, kwa uzito uliopimwa kwenye mizani, lori la mipira sita liyachukue kutoka ghalani mpaka sokoni, kwa barabara kuu. Mizani ile ndiyo mali yetu iliyotuokoa kuliko magari yote mawili.

Yawapasa madereva na makarani kukumbuka haya. Mpira wa ndani usiachwe bila kupimwa upepo, kwa sababu hauonekani. Mapacha wawe wa kimo kimoja. Mpya ukifungwa na uliolika, mpya hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mawe yaondolewe kati yao kila safari. Na mpakiaji asikubali kuongezewa hata tenga moja, ajapoombwa na Mwenyekiti.

Utingo wetu alipona, na leo ndiye mshika mizani ghalani. Wanachama wanaotaka kuongezewa tenga humkuta yeye mlangoni, naye huwaonyesha mguu wake. Wazee wa pwani husema, usisafirie nyota ya mwenzio: kila njia na gari lake, na kila gari na kiasi chake. Tukishika hayo, miaka 10 ijayo itatukuta tukiwa pamoja, na mazao yetu yakiwa safarini.