Mwana wa mpimaji: Kwa nini narudi kwa Amin Maalouf

Wanafunzi wangu wa uzamili wana swali wanalopenda kunichokoza nalo kila muhula unapoanza. "Prof, mwandishi gani wa riwaya za kihistoria unayempenda kuliko wote?" Wanatarajia nimtaje Adam Shafi, nami humtaja, kwa sababu Kuli na Kasri ya Mwinyi Fuad ni kazi ambazo sijachoka kuzifundisha. Lakini nikibanwa zaidi, jina linalonitoka ni la Amin Maalouf, Mlebanoni anayeandika kwa Kifaransa. Hapo darasa hunyamaza. Mwalimu wa Kiswahili, aliyetumia maisha yake kutetea lugha za Kiafrika, anamsifuje Mwarabu aliyeiweka kando lugha yake akashika ya mtawala wa jana?

Swali hilo ni zito kuliko wanavyodhani, na kulijibu inabidi nianze na kitabu chenyewe.

Maalouf alizaliwa Beirut mwaka 1949. Baba yake alikuwa mwanahabari, naye akafuata nyayo hizo hizo katika gazeti la An-Nahar, akiandika kwa Kiarabu. Kazi hiyo ilimfikisha hadi Ethiopia mwaka 1974, ufalme wa Haile Selassie ulipoanguka. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Lebanon, na kufikia 1976 alikuwa Paris na familia yake. Huko alifanya kazi na jarida la Jeune Afrique, ambalo wasomi wa Afrika Magharibi wanalijua vyema, na kuanzia hapo kalamu yake ikawa ya Kifaransa. Mwaka 1983 alichapisha kitabu kuhusu Vita vya Msalaba kama walivyoviona Waarabu wenyewe, kwa kuwategemea wanahistoria wa zama zile, kina Ibn al-Athir na Ibn al-Qalanisi. Halafu, mwaka 1986, ikaja riwaya yake ya kwanza, Léon l'Africain. Niliisoma kwanza kwa Kiingereza katika tafsiri ya Peter Sluglett. Ya Kifaransa niliifikia baadaye sana, kamusi ikiwa mapajani.

Riwaya hii inasimulia maisha ya mtu aliyekuwepo kweli, Hassan bin Muhammad al-Wazzan. Alizaliwa Granada, dola ya mwisho ya Waislamu katika nchi ya Hispania, miaka michache kabla mji huo haujasalimu amri mbele ya Ferdinand na Isabella tarehe 2 Januari 1492. Mkataba wa kusalimu amri uliwaahidi wenyeji kwamba dini na mali zao zisingeguswa. Hata miaka kumi haikutimia, walikuwa wanalazimishwa kubatizwa. Familia ya Hassan ilihamia Fez, na huko alisoma na kukua. Alisafiri na mjomba wake hadi Timbuktu enzi za Askia Muhammad, akaijua Misri, na mwaka 1518 akatekwa baharini na maharamia wa Kihispania, wakamtoa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi. Januari 1520 alibatizwa Roma na kupewa jina la huyo huyo Papa. Miaka sita baadaye alimaliza kuandika, kwa Kiitaliano, maelezo yake marefu ya Afrika, ambayo Ramusio aliyachapisha Venice mwaka 1550 baada ya kuyarekebisha apendavyo. John Pory akayatia katika Kiingereza mwaka 1600. Kwa muda mrefu Wazungu waliotaka kujua lolote kuhusu Timbuktu walikifungua kitabu hicho.

Sasa angalia alichokifanya Maalouf. Katika maelezo yale, Hassan anatuambia bei za vitu sokoni, urefu wa njia, tabia za watu na hata biashara ya vitabu Timbuktu, ambayo anasema ilikuwa na faida kuliko bidhaa nyingine zote. Kuhusu nafsi yake anasema machache mno. Mama yake alikuwa nani? Alipenda? Alilia siku aliyobatizwa? Kimya. Mwanahistoria akifika hapo huweka kalamu chini, au huandika "huenda" na "labda" mpaka msomaji achoke. Maalouf anamfanya Hassan azungumze na mwanawe, kwa sauti ya mzazi anayejua kwamba mtoto huyu atakua akiulizwa na kila mtu kwamba yeye ni wa wapi. Sura zimepangwa kwa miaka, kama arobaini hivi, kila moja ikibeba tarehe ya Hijria kwanza na ya Miladia baadaye. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililoniteka. Kuanguka kwa Granada hakutokei "mwaka 1492", mwaka wa Columbus. Kunatokea katika mwaka wa 897, mwaka wa mama aliyefunga mizigo.

Mahali pamoja katika maandishi yake, Hassan wa kweli anasimulia hadithi ya ndege aliyeweza kuishi nchi kavu na majini. Mfalme wa ndege akidai kodi, yeye anakimbilia kwa samaki. Samaki wakidai, anaruka na kurudi kwa ndege. Anakiri kwamba naye hufanya vivyo hivyo: Waafrika wakisemwa vibaya atasema alizaliwa Granada, na watu wa Granada wakilaumiwa atajitaja kuwa Mwafrika. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka popo wa hadithi zetu, ambaye ndege walimkana na wanyama wakamkana. Ila popo wetu huadhibiwa mwishoni, ndege wa Hassan anaponea. Nadhani Maalouf alijenga riwaya nzima juu ya ndege huyo.

Niseme kitu kimoja ambacho mhakiki wa Paris asingekiona. Msomaji wa Kiswahili anayaelewa majina ya riwaya hii bila tanbihi. Al-Wazzan ni mpimaji, na mzizi huo huo ndio uliotupa uzani na mizani, ile ya sokoni na ile ya mshairi anayehesabu silabi za mshororo. Mateka wa Kikristo anayeishi nyumbani kwa baba yake Hassan anaitwa Warda, yaani Waridi. Binti mfalme anayekutana naye Misri ni Nour, na sisi tuna nuru. Kijakazi anayetolewa zawadi anaitwa Hiba, neno ambalo hadi leo utalisikia katika mahakama za Kadhi pale ndugu wanapogombania mali aliyoitoa marehemu angali hai. Hebu ingia katika riwaya yake nyingine, Samarcande ya 1988. Omar Khayyam ni mshona hema, na hema yetu imetoka huko huko. Waziri Nizam al-Mulk ukimtafsiri neno kwa neno unapata nidhamu na milki. Jamani, tunasoma Kifaransa na kujikuta tumekaa barazani kwetu!

Ndiyo sababu siridhiki kabisa na uchaguzi wake wa lugha. Kwa Mfaransa, Hiba ni sauti tamu tu ya Mashariki. Kwa mswahili wa Lamu, jina hilo ni kesi nzima: mwanamke aliyeitwa "kitu cha kutolewa". Na hapo ndipo Maalouf ananikera. Riwaya inampa Hiba urembo na mapenzi kuliko inavyompa hasira. Msafara unavuka Sahara, utumwa uko pembeni yake, na msimulizi anaupita kama mtu anayepita mtaa alioujua tangu utotoni. Sisi wa pwani hii tumeshaona usimulizi ambao haumpi mtumwa kauli yake kikamilifu. James Mbotela alipoandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934 aliukemea utumwa, lakini sifa nyingi aliwapa waokoaji wa Kiingereza. Wanawake wa Maalouf kwa jumla huja, huumia, huondoka. Namtoa Mariam, dada yake Hassan, ambaye tajiri mmoja, baada ya posa yake kuvunjwa, anasababisha afungiwe katika mtaa wa wakoma ilhali hana ugonjwa wowote. Kurasa hizo nikizisoma hushindwa kulala. Kasoro nyingine ni hii bahati ya Hassan ya kuwepo kila mahali historia inapopasuka: Granada inapoanguka, Cairo inapoingia mikononi mwa Waturuki mwaka 1517, Roma inapoporwa mwaka 1527. Mtu mmoja! Tunamsamehe kwa sababu sehemu kubwa ya safari hizo mwenyewe alizifanya kweli.

Turudi kwa swali la darasani. Mwaka 1986, ule ule wa Léon l'Africain, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha Decolonising the Mind na kukiaga Kiingereza katika uandishi wake. Nimewahi kuviweka vitabu hivi viwili juu ya meza moja na kuwaambia wanafunzi wavigombanishe. Wengi humpa Ngũgĩ ushindi haraka mno. Mimi nauliza: kila mmoja alikuwa anazungumza na nani? Ngũgĩ alitaka kusikika na mkulima wa Limuru, na Kifaransa au Kiingereza kisingemfikisha huko. Maalouf alikuwa na kesi na watu waliokwisha kuiandika historia ya Granada na ya Yerusalemu kwa niaba ya wengine wote. Alienda kuwasimulia nyumbani kwao, kwa lugha yao, na kwa kalenda ya Hijria. Tena shujaa wake alifanya vivyo hivyo, alipowaandikia Wataliano habari za Afrika kwa Kiitaliano, akiwa mateka. Tofauti ni kwamba Hassan hakuwa na hiari, na Maalouf alikuwa nayo.

Wafaransa nao wamemlipa, tena kwa heshima kubwa. Mwaka 1993 alipata tuzo ya Goncourt kwa Le Rocher de Tanios, riwaya ya milima ya Lebanon ya karne ya 19. Mwaka 2011 alichaguliwa kuingia Académie française, katika kiti kilichoachwa na Claude Lévi-Strauss, na tangu 2023 yeye ndiye katibu wa kudumu wa chombo hicho kilichoanzishwa mwaka 1635 kukilinda Kifaransa. Mwana wa Beirut ndiye anayeshika funguo za kamusi ya Wafaransa. Sijui nicheke au nione wivu.

Wivu wangu, kusema kweli, ni wa kazi ambayo ingefanyika kwetu. Hassan alipokuwa angali kijana Fez, mwaka 1505, manowari za Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa mwezi Julai, na mwezi uliofuata zikaichoma Mombasa. Tunayo taarifa ya safari hiyo, iliyoandikwa na Mjerumani aliyekuwa nao, Hans Mayr. Anaorodhesha vilivyoporwa: nguo za hariri na za dhahabu, na mazulia, likiwemo moja zuri kupita kiasi lililopelekwa kwa mfalme wa Ureno. Lilikuwa la nani zulia hilo? Nani alikuwa analikalia jioni ile kabla ya moto, na aliyeliona likikunjwa alisema nini, kwa Kiswahili cha wakati ule? Mayr hakuuliza. Hapo ndipo Maalouf angeanzia.