Shahidi J na hukumu ya Arusha

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi kukomeshwa. Rwanda yenyewe, iliyokuwa na kiti barazani mwaka huo, ilipiga kura ya kupinga, mojawapo ya sababu zake ikiwa kwamba mahakama haikupewa uwezo wa kutoa adhabu ya kifo. Makao yakawekwa Arusha, katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano.

Kesi iliyotangulia kusikilizwa ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, mwalimu aliyepanda hadi kuwa meya wa komuni ya Taba, Rwanda. Alikamatwa Zambia Oktoba 1995, akapandishwa kizimbani Januari 1997. Hati yake ya mashtaka ilitaja mauaji, mateso na uchochezi. Ubakaji haukuwemo.

Mashahidi walikaa nyuma ya pazia, wakiitwa kwa herufi ili kulinda maisha yao. Mmoja wao, Shahidi J, akisimulia jinsi alivyowakimbia wauaji, alieleza kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari hiyo. Shahidi H naye akaeleza yaliyompata mwenyewe. Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee kati ya majaji watatu, hakuyaacha maneno hayo yapite, bali aliwahoji zaidi. Uchunguzi ukafanywa upya, na Juni 1997 mashtaka ya ubakaji yakaongezwa.

Hukumu ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kuhesabiwa kuwa sehemu ya kosa hilo. Wanawake waliokimbilia ofisi ya komuni wakitafuta hifadhi walibakwa papo hapo kwa kuwa ni Watutsi, na lengo lilikuwa kuliangamiza kabila lao. Akayesu hakudaiwa kubaka yeye mwenyewe. Alikuwa na mamlaka ya kuzuia, naye akachochea. Majaji walisema hilo latosha, na walisema haki. Alifungwa maisha.

Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, ikiwa imewashtaki watu 93. Tafsiri ya ubakaji iliyotolewa katika hukumu ya Akayesu ilikuwa imeshatumiwa The Hague, katika mahakama ya kimataifa ya jinai kwa Yugoslavia ya zamani, tangu Novemba 1998.