Mbio za langalanga: Mji mwenyeji hupata nini, hulipa nini?

KUANDAA mbio za magari ya langalanga ni heshima inayotamaniwa na miji mingi duniani, lakini ni heshima inayolipiwa kwa fedha nyingi na usumbufu mkubwa kwa wakazi.

Katika Afrika Mashariki, mjadala huo uliibuka Desemba 13, 2024, pale Rais Paul Kagame wa Rwanda alipotangaza mjini Kigali, mbele ya wajumbe wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), kwamba nchi yake inaomba kuandaa mashindano ya Formula 1.

Langalanga ni gari la kiti kimoja ambalo magurudumu yake yako wazi, nje ya bodi. Mbio zake hufanyika katika uwanja maalumu, au katika barabara za mji zilizofungwa kwa muda na kuzungushiwa kuta za zege na nyavu za chuma.

Afrika si mgeni wa mbio hizo. Mwaka 1958 Morocco iliandaa mbio za ubingwa wa dunia katika barabara za Ain-Diab, Casablanca. Dereva Mwingereza Stuart Lewis-Evans aliungua katika ajali siku hiyo na kufariki siku chache baadaye. Morocco haikupata tena nafasi hiyo. Afrika Kusini nayo iliandaa kwa mara ya mwisho mwaka 1993, katika uwanja wa Kyalami.

Mitaani au uwanjani?

Wanaotetea mbio za mitaani hutoa mfano wa Monaco, iliyoanza mwaka 1929, na Singapore, iliyoanza kuandaa mbio za usiku mwaka 2008. Hoja yao ni kwamba mji hauhitaji kununua ardhi ya uwanja, na mandhari yake huonekana katika televisheni duniani kote.

Hata hivyo, barabara ya daladala si barabara ya mbio. Hulazimika kuwekwa lami upya, mifuniko ya chemba huimarishwa, na njia za kwenda hospitali, sokoni na kazini hubadilishwa. Mwaka 2023 huko Las Vegas, Marekani, mazoezi ya kwanza yalisimamishwa baada ya dakika chache tu, kwa kuwa mfuniko wa chuma uling'oka na kuharibu gari la Carlos Sainz.

Valencia, Hispania, iliandaa mbio za mitaani kuanzia mwaka 2008 hadi 2012, kisha njia hiyo ikaachwa ichakae. Hanoi, Vietnam, ilikamilisha njia yake kwa ajili ya mwaka 2020, lakini mbio zikafutwa kutokana na ugonjwa wa Uviko-19 na hazikufanyika tena. Barani Afrika, Cape Town iliandaa mbio za mitaani za magari ya umeme, Formula E, Februari 2023. Msimu uliofuata haikuwamo katika ratiba.

Rwanda ilichagua njia tofauti. Mpango uliotajwa ni wa uwanja wa kudumu karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, nje ya Kigali, uliobuniwa na kampuni ya dereva wa zamani wa Austria, Alexander Wurz. Mpango wa aina hiyo huwaepusha wakazi na kero ya kufungiwa barabara, lakini mzigo wa ujenzi na matunzo hubaki mwaka mzima, kwa mashindano ya siku tatu.

Kigali ilionja kero hiyo Septemba 2025 ilipoandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli, wa kwanza kufanyika Afrika. Shule za mji huo zilifungwa kwa wiki ya mashindano ili kupunguza msongamano.

Aidha, siasa haiko mbali. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma Januari 2025, Serikali ya Congo iliwaandikia wasimamizi wa Formula 1 ikiwataka wasitishe mazungumzo na Rwanda. Congo inaishutumu Rwanda kwa kuwaunga mkono waasi hao, shutuma ambazo Rwanda imezikanusha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mji wowote wa ukanda huu unaotamani mbio hizo, kipimo ni hicho: ada ya uenyeji inatoka mfuko gani, mfanyabiashara mdogo anapata nini barabara yake inapofungwa, na ni kitu gani kitakachobaki kwa wakazi magari yakishaondoka.

Maswali hayo hujibiwa vyema kabla mkataba haujasainiwa. Wakazi wa Valencia walibaki na lami iliyochakaa, na wa Hanoi wakabaki na njia isiyowahi kupitiwa na mbio.