Neno "bila kikomo" na robine inayofungwa kidogo kidogo

Wauzaji wa mega wa hapa kwetu wanajua neno linalovuta wateja haraka: ilimite. Mtu analipa, anaambiwa atumie intaneti bila kuhesabu. Siku za kwanza mambo yanaenda vizuri. Lakini inafika saa ambapo ujumbe wa sauti wa WhatsApp unazunguka bila kufunguka, picha ya mtoto haionekani, na simu ya video inakatika watu wakiwa bado kwenye salamu. Mtu anaangalia, anaona forfe yake haijaisha. Kilichopungua ni mwendo.

Jambo hili lina historia, na sehemu yake kubwa ilifanyika Marekani, inchi ambako familia nyingi za Wakongomani zimepelekwa kuishi baada ya miaka katika kambi kama Nyarugusu ya Tanzania na Nakivale ya Uganda. Huko, wateja wa simu, serikali na makampuni walibishana kwa miaka mingi juu ya neno hilo hilo: bila kikomo.

Mwanzo ni tarehe 29 Juni 2007, siku simu ya iPhone ilipoanza kuuzwa. Wakati ule Marekani ilikuwa na kampuni moja tu ya kuihudumia, AT&T. Ili kuvuta watu, kampuni iliuza intaneti bila kikomo kwa bei moja ya mwezi. Baadaye bei hiyo ikawa dola 30. Mwanzoni haikuwa mzigo, kwa sababu watu wengi walisoma barua pepe na kufungua kurasa ndogo tu. Kisha video zikaja, programu zikaongezeka, na minara ikaanza kulemewa.

Mwezi wa Juni 2010, AT&T iliacha kuuza forfe hiyo kwa wateja wapya. Mteja mpya alichagua megabaiti 200 kwa dola 15 au jigabaiti 2 kwa dola 25. Wale wa zamani waliruhusiwa kubaki na mkataba wao wa bila kikomo. Wengi waliushika kwa nguvu, wakijua kwamba mtu akiuacha hataupata tena.

Lakini Julai 2011 likatoka tangazo lingine. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka ule, wateja wa bila kikomo waliokuwa kati ya asilimia 5 wanaotumia zaidi wangepunguziwa mwendo hadi mwisho wa mwezi wao wa malipo. Hakuna aliyekatiwa intaneti, na hakuna aliyeongezewa bei. Mwendo tu ndio ulishushwa.

Aliyewahi kupanga bidoni kwenye robine ya kambi ataelewa haraka. Chukua mfano huu: umelipa, ukaambiwa uchote maji kadiri unavyotaka. Ukifika bidoni ya kumi, mwenye robine anaifunga hadi maji yanadondoka tone kwa tone. Ukilalamika anajibu kwamba hajakukataza kuchota, endelea tu. Ni kweli, hajakukataza. Lakini bidoni moja sasa itajaa kesho. Kikomo kilichoondolewa kwenye kiasi cha maji kimewekwa kwenye mwendo wake.

Shida ya kwanza ilikuwa kujua mstari uko wapi. Asilimia 5 inategemea wengine wametumia kiasi gani, kwa hiyo mteja hakuweza kujihesabia mwenyewe. Baadhi walipunguziwa mwendo baada ya jigabaiti 2 tu. Tena, mwanzoni mwa 2012 kampuni ilianza kuuza forfe ya jigabaiti 3 kwa dola 30, bei ile ile ya bila kikomo. Mwenye forfe yenye kikomo alitumia jigabaiti zake 3 kwa mwendo kamili, na mwenye bila kikomo angeweza kupunguziwa kabla ya kufika hapo. Baada ya malalamiko mengi, Machi 2012 kampuni iliweka mstari wazi: jigabaiti 3 kwa simu za kawaida na jigabaiti 5 kwa simu za LTE.

Kwa nini wateja hawakuungana kushitaki? Mikataba yao ilikuwa imewafunga. Ilisema kwamba mwenye malalamiko aende kwa msuluhishi au kwenye mahakama ndogo ya madai, peke yake, bila kujiunga na wengine. Mwezi wa Aprili 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekubali masharti ya namna hiyo, katika kesi ya kampuni hiyo hiyo.

Mteja mmoja wa California, dereva wa lori asiyekuwa na kazi wakati ule, alichukua hiyo njia nyembamba iliyobaki. Mwezi wa Februari 2012 alisimama katika mahakama ndogo ya madai na kueleza kwamba alinunua kitu kinachoitwa bila kikomo, lakini anapewa kingine. Hakimu alimkubalia. Alihesabu dola 85 kwa kila mwezi kati ya miezi 10 iliyobaki kwenye mkataba wake, ikawa dola 850. Kwa kampuni hizo ni senti. Kwa wateja wengine ilikuwa habari kubwa: kumbe mtu mmoja anaweza kuuliza maana ya neno na kujibiwa.

Serikali ikafuata. Tarehe 28 Oktoba 2014, FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, ilishitaki AT&T. Ilisema kwamba wateja wasiopungua milioni 3.5 walipunguziwa mwendo zaidi ya mara milioni 25, na kwamba kwa wengine mwendo ulishuka kwa asilimia 80 hadi 90. Ilisema pia kwamba mwendo ulishushwa hata pale ambapo mnara haukuwa na msongamano, kama vile kufunga robine wakati hakuna mtu mwingine kwenye foleni. Na mteja aliyetaka kuondoka kabla ya mkataba kuisha alidaiwa faini.

Kampuni ilijibu kwamba ilikuwa imetoa matangazo kwa waandishi wa habari na kuandika kwenye faktura. Kisha maavoka wake wakaleta hoja nyingine: kwamba kampuni ya simu iko nje ya mamlaka ya FTC. Mwezi wa Agosti 2016 majaji watatu wa rufaa wakakubali hoja hiyo. Kesi ilionekana kufa. Lakini Februari 2018 jopo kubwa la mahakama ile ile ya rufaa likabadilisha uamuzi. Zaidi ya miaka mitatu ilikuwa imeisha kwa kubishana ni nani ana haki ya kuuliza, kabla swali lenyewe halijajibiwa.

AT&T haikuwa peke yake. Januari 2015, kampuni ya TracFone ilikubali kulipa dola milioni 40 kwa malalamiko ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2014, Verizon ilitangaza mpango wa kupunguza mwendo wa wateja wake wa bila kikomo. Mkuu wa FCC, tume ya mawasiliano, akaiandikia barua ya kuhoji, nayo ikauacha mpango kabla haujaanza.

Lakini ni Verizon hiyo hiyo iliyowaonyesha Wamarekani kwamba mwendo si jambo la starehe tu. Mwisho wa Julai 2018, moto mkubwa wa msitu uliwaka kaskazini mwa California. Wazima moto wa wilaya ya Santa Clara walipeleka gari lenye vifaa vya mawasiliano, la kuratibu watu na magari kwenye moto. Walikuwa na forfe ya bila kikomo. Katikati ya kazi mwendo ukashushwa hadi sehemu moja ya 200 ya mwendo wa kawaida, au chini zaidi, na vifaa vikawa karibu bure. Walipoomba kurudishiwa, waliambiwa wahamie forfe ya bei zaidi ya mara mbili. Baadaye kampuni ilikiri kwamba ilikosea, kwa kuwa utaratibu wake wenyewe ulitaka vikwazo viondolewe wakati wa dharura. Mwaka 2019 California ilitunga sheria ya kukataza kuwapunguzia mwendo waokoaji wakati wa maafa.

Kesi ya FTC iliisha Novemba 2019. AT&T ilikubali kutoa dola milioni 60 za kurudishia wateja sehemu ya pesa zao. Ukizigawa kwa watu milioni 3.5 ni karibu dola 17 kwa mtu mmoja, baada ya miaka minane. Si pesa nyingi. Ila kulikuwa na sharti lingine lenye uzito zaidi: kampuni hairuhusiwi tena kutangaza intaneti bila kikomo bila kueleza vizuizi vyake, na maelezo hayo yawe mahali pa kuonekana, si kwenye maandishi madogo ya chini.

Sharti hilo halikukataza kupunguza mwendo. Mnara ni wa watu wengi, na kugawana si kosa. Kosa lililopigwa vita ni kuficha. Leo forfe nyingi za bila kikomo huko Marekani bado zina mstari, lakini mstari huo unatakiwa kuandikwa.

Hapa Kongo mwendo wa intaneti umeguswa pia kwa sababu ambazo si za biashara. Agosti 2017, wakati wa mvutano wa kisiasa, mamlaka ya ARPTC iliamuru makampuni ya simu kupunguza uwezo wa kupitisha picha kwenye mitandao ya kijamii. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa kabisa kwa karibu wiki tatu. Anayeshika robine anaweza kuwa mfanyabiashara, anaweza kuwa serikali. Kwa anayesubiri sauti ya ndugu yake, kimya ni kile kile.

Na kwa familia iliyohama, sauti hiyo si mchezo. Ndiyo inayosema nani amefika, nani bado yuko njiani, na pesa zimetumwa kwa jina gani. Kwa hiyo, kabla ya kulipa forfe ya ilimite, maswali matatu yanatosha. Baada ya mega ngapi mwendo unapunguzwa? Unashuka hadi wapi, na kwa mwendo huo ujumbe wa sauti utafunguka? Mwendo kamili unarudi siku gani?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Dereva yule wa California hakuwa na avoka mkubwa wala chama nyuma yake. Alikuwa na mkataba wake mkononi, na alikuwa ameusoma.