Kitabu cha Kielektroniki: Ufunguo Uko kwa Nani?

Historia ya kitabu cha kielektroniki haikuanzia dukani. Tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, aliingiza Tangazo la Uhuru wa nchi yake katika kompyuta kubwa ya chuo, kisha akawaarifu watumiaji wenzake kwamba wanaweza kulichukua bure. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa maktaba ya Project Gutenberg. Hart alitafuta hasa maandishi ambayo muda wa hakimiliki yake umekwisha, ili kila mtu ayasome na kuyanakili apendavyo. Kazi ilikwenda polepole: hadi mwaka 1989 maktaba hiyo ilikuwa imefikisha vitabu 10 tu. Leo ina zaidi ya 70,000.

Biashara ilifuata baadaye. Novemba 2007 kampuni ya Amazon ilitoa kifaa cha kusomea kiitwacho Kindle, na msomaji akaweza kununua kitabu bila kutoka nyumbani. Lakini Julai 2009 jambo la ajabu lilitokea. Kampuni hiyo iligundua kwamba muuzaji mmoja hakuwa na haki ya kuuza baadhi ya vitabu vya George Orwell, kikiwemo kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Ikavifuta kutoka katika vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia. Wateja walirudishiwa fedha, na kampuni ikaomba radhi. Hata hivyo, fundisho lilikuwa limekwisha kutolewa.

Fundisho lenyewe ni hili. Kitabu cha karatasi kikiwa rafuni mwako, muuzaji hawezi kuja usiku kukichukua. Kitabu cha kielektroniki, mara nyingi, hununuliwi bali huruhusiwi zaidi ya kukisoma, na ruhusa huwa na mwenyewe.

Nasi Waswahili suala hili latuhusu. Miswada mingi ya tenzi zetu, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, imehifadhiwa SOAS mjini London, na sehemu yake sasa yasomeka kupitia intaneti. Ni neema kubwa, ila mlango hufunguliwa na mwenye ufunguo.

Basi, msomaji, kabla ya kulipia kitabu kisichoshikika, jiulize: Je, naweza kukinakili? Naweza kumwazima jirani? Naweza kumrithisha mwanangu? Raia asiyeuliza maswali hayo huenda siku moja akakuta rafu yake tupu.