Kutoka Colito hadi Lugalo: Askari na Raia katika Tanganyika

Kaskazini ya mji wa Dar es Salaam iko kambi ya jeshi ambayo imepata kuwa na majina mawili. Hapo kwanza iliitwa Colito, kwa kukumbuka mahali katika nchi ya Uhabeshi ambapo mwezi wa Mei 1941 askari wa King's African Rifles walipigana na majeshi ya Italia. Baadaye ikaitwa Lugalo, kwa kukumbuka mahali katika nchi ya Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mtwa Mkwawa waliuangamiza msafara wa vita wa Wajeremani, pamoja na kiongozi wake, Emil von Zelewski. Jina la kwanza lilisifu ushindi wa jeshi la mkoloni. La pili lasifu siku ambayo askari wa mshahara walishindwa na wenyeji. Katika mabadiliko hayo ya jina mna habari ya jambo kubwa zaidi, nalo ni hili: jeshi la watu wanaojiandikisha kwa hiari ni la nani, la yule anayelipa mshahara au la wale wanaoishi nje ya boma?

Maneno yenyewe yatoa ushahidi. Askari, jeshi na raia yote yametoka katika Kiarabu. Raia kwa asili ni kundi la wanyama lenye mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala. Kwa maana hiyo ya kale, aliyeitwa raia hakuhesabiwa kuwa mwenye nchi, bali mwenye kuchungwa. Na askari alikuwa fimbo ya mchungaji. Neno mwananchi lina maana nyingine kabisa, kwani humtaja mtu kwa nchi iliyomzaa, wala si kwa bwana anayemtawala.

Hermann von Wissmann alipokuja mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri, aliwaajiri Wasudani kutoka Misri na watu wa kusini kutoka Msumbiji. Faida yake ilikuwa dhahiri: mgeni hana ndugu miongoni mwa watu anaoamriwa kuwapiga. Mwaka 1891 kikosi hicho kikawa Schutztruppe, na baadaye vijana wengi wa bara, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, wakajiandikisha. Hata hivyo desturi ya ugeni haikutoka. Askari aliishi karibu na boma pamoja na mke na watumishi wake. Alikuwa na mshahara, na raia alimwogopa. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, askari hao ndio waliotumwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula huko kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilizidisha tofauti hiyo. Wengi wa askari walikuwa wamejiandikisha wenyewe. Wapagazi, waliobeba chakula na risasi zao, wengi wao walikamatwa kwa nguvu vijijini, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kutoka jina hilo Waswahili walipata neno Kariakoo. Mwaka 1927 sanamu ya askari, mwenye bunduki na singe, ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Sanamu za Nairobi, zilizozinduliwa mwaka 1928, zilimwonyesha mpagazi pamoja na askari. Ile ya Dar es Salaam yamwonyesha askari peke yake. Basi askari alipata shaba na jiwe, na ukumbusho wa mpagazi ukabaki katika jina la mtaa na soko.

Waingereza walifuata njia ileile. Waandikishaji wa King's African Rifles walipendelea makabila yaliyodhaniwa kuwa ya vita, wakiwamo Wahehe, wajukuu wa watu wa Lugalo. Askari alipelekwa mbali na kwao, akaishi kambini, akazoea Kiswahili cha kambini, kifupi na cha amri, ambacho wasomi wa lugha wamekiita KiKAR. Tena alikatazwa siasa. Ilipoanzishwa TANU mwaka 1954, wakulima, makarani na madereva walijiunga nayo kwa wingi, askari hakuruhusiwa. Hivyo uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulipatikana bila yeye. Jeshi likapewa jina jipya, Tanganyika Rifles, lenye kikosi kimoja Colito na kingine Tabora. Lakini maofisa wakubwa walikuwa bado Waingereza. Raia wenzake waliona madaraka yakigeuka mikononi mwa Waafrika katika kila ofisi. Kambini kulikuwa kama zamani.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Waliwafungia maofisa wao, wakaingia mjini, wakashika Ikulu na stesheni ya redio. Walidai mambo mawili: maofisa Waingereza waondoke, na mshahara uongezwe kutoka shilingi 105 hadi shilingi 260 kwa mwezi. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Mjini maduka ya Waarabu na Wahindi yaliporwa, na watu wakauawa. Kesho yake Tabora nako kukaasi, kisha Jinja katika Uganda na Lanet katika Kenya. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la serikali, wanamaji wa Uingereza waliteremka kutoka manowari Centaur na kuuzima uasi wa Colito kwa muda mfupi. Kuwaita watawala wa jana kulinda uhuru wa leo lilikuwa jambo la aibu, wala Rais Julius Nyerere hakulificha.

Madai ya askari hayakuwa ya ajabu. Mfanyakazi yeyote angeweza kudai hayo. Lililotisha ni kwamba hapakuwa na kamba yoyote iliyomfunga askari na wenziwe wa nje, ila ule mshahara. Ulipoonekana haba, kamba ikakatika.

Serikali ililivunja jeshi lote. Vijana wa TANU waliitwa kujiandikisha, na kikosi cha Nigeria kikalinda nchi wakati jeshi jipya linaundwa. Tarehe 1 Septemba 1964 jeshi hilo lilizaliwa, na Mrisho Sarakikya akawa mkuu wake. Liliitwa Jeshi la Wananchi. Halikuitwa jeshi la askari wala la raia. Na askari wake waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, jambo lililokuwa haramu zamani.

Dawa hiyo ilikuwa na uchungu wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Ikaonekana kwamba raia naye aweza kujitenga, akitaka ulinzi uwe kazi ya wengine. Katika vita vya Kagera, 1978 na 1979, mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walikwenda mstari wa mbele pamoja na askari, na ufa ukazibika kwa muda. Lakini askari aliyefungamana na wananchi kwa njia ya chama alifungamana na chama pia. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, askari alikatazwa tena uanachama.

Kwa sura, katazo hilo lafanana na lile la Waingereza. Kwa maana ni tofauti. Mkoloni alimtenga askari ili asiwe mwananchi. Sheria ya 1992 humtenga na vyama ili abaki wa wananchi wote. Katazo la kwanza lilizaa Januari 1964. Na la pili halitoshi peke yake, kwa kuwa askari na raia hawaunganishwi na sheria tu, bali na kila mmoja kumwona mwenziwe kuwa mwenye nchi.